KABLA HUJAMKABIDHI MWANAO KWA MWENYE SINDANO NA CHUKU, MUULIZE CHETI



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, somo la leo ni refu. Ukiwa na haraka lihifadhi, ulisome baada ya Isha. Lakini ukiwa na kijana nyumbani anayesumbuliwa na unga, bangi, mirungi au gongo, nakuomba ulisome sasa, mpaka mwisho.

Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mama mmoja wa hapa Moshi alinifuata baada ya swala ya Ijumaa. Akaniambia, "Shekhe, nisaidie mwanangu. Ameuza mpaka sufuria. Ana unga na ana gongo, vyote viwili." Nami nilikuwa na namba ya mtu mmoja niliyemsikia kwa watu, anafanya hijama na kuchoma sindano za Kichina, na anajitangaza kwamba anatibu waraibu. Nikampa mama ile namba. Sikumuuliza yule mtu amesoma wapi, wala sikumwomba cheti. Nilimwona ana ndevu na kanzu, anaanza maneno yake kwa Bismillah, nikatosheka.

Kijana akafungiwa chumba cha uani. Akapigwa chuku, akachomwa sindano, akanyimwa kila kitu ghafla. Usiku wa tatu akaanza kutetemeka, akaona watu wasiokuwepo, kisha akaanguka degedege. Alhamdulillah, majirani walimkimbiza hospitali kwa bajaji, na Allah akamhifadhi. Daktari aliniuliza jambo moja tu: "Shekhe, nani alimpima kabla ya kumkatisha pombe?" Sikuwa na jibu.

Yule mama hakunilaumu. Alisema, "Shekhe, ni mipango ya Mwenyezi Mungu." Wallahi neno lile liliniuma kuliko lawama. Kwa sababu qadar ya Allah ni haki, lakini uzembe wangu ulikuwa wangu. Tusimsingizie Allah makosa tuliyoyafanya kwa mikono yetu.

Tangu siku ile nimekuwa na msimamo huu, na leo nauandika wazi: MTU YEYOTE ANAYETIBU WARAIBU KWA SINDANO AU KWA HIJAMA NI LAZIMA AWE AMESAJILIWA NA AWE AMEFUNDISHWA UGONJWA HUO. Asiye hivyo, tusimpelekee watoto wetu, na sisi masheikh tusimtangaze.

1. HIJAMA NI SUNNA, LAKINI SI KILA ANAYESHIKA WEMBE NI TABIBU

Najua wapo watakaosema, "Shekhe, unapiga vita Sunna." Hapana ndugu yangu. Tulia unisikilize.

Mtume wetu (s.a.w) alifanyiwa hijama, na ametufundisha kwamba ndani yake mna ponyo. Hilo halina mjadala. Lakini soma hadithi vizuri. Katika Bukhari, Anas bin Malik (r.a) anasimulia kwamba aliyemfanyia Mtume hijama alikuwa Abu Tayba, na Mtume akaamuru alipwe vyakula. Abu Tayba hakuwa mpita njia. Ilikuwa ndiyo kazi yake na watu walimjua kwayo.

Tena katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba mtu mmoja alijeruhiwa, wakaitwa watu wawili wa Bani Anmar wamtazame. Mtume (s.a.w) aliwauliza ni yupi kati yao aliye hodari zaidi wa tiba. Huoni ajabu? Mgonjwa yuko mbele yao na jeraha lake, na Mtume bado anauliza nani anajua zaidi. Sisi tuna siku nzima, tuna simu mkononi, na hatuulizi.

Na Sa'd (r.a) alipougua, Mtume alimwelekeza kwa Harith bin Kalada wa Thaqif, mtu aliyejulikana kwa utabibu. Sunna si hijama peke yake, ndugu zangu. KUMTAFUTA MJUZI NAKO NI SUNNA.

2. MTUME AMEWEKA DHAMANA JUU YA MGANGA ASIYEJUA

Hapa ndipo uti wa mgongo wa somo. Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Amr bin Shu'aib, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, mafundisho ya Mtume (s.a.w) ambayo maana yake ni kwamba mtu akijitia utabibu hali ya kuwa hajulikani kuwa na elimu hiyo, basi yeye ni mdhamini. Yaani madhara yakitokea, yako shingoni mwake na atalipa.

Angalia sharti lilivyowekwa: awe anajulikana. Haikutosha yeye mwenyewe kusema "mimi najua". Watu wajue na ithibitike. Sasa niambieni, katika zama zetu, mji una watu maelfu kwa maelfu na hatujuani, mtu anajulikanaje kwamba ni tabibu? Kwa cheti, kwa usajili, kwa kuwepo ofisi inayoweza kusema: huyu tumemwona, tumemkagua, yupo kwenye daftari letu.

Imam Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad ameichambua hadithi hii na kuwagawa matabibu mafungu mafungu: mjuzi aliyeitekeleza kazi kwa haki yake, mjinga aliyejitia ujuzi, mjuzi aliyekosea, na wengineo, kila mmoja na hukumu yake. Nia njema ya mjinga haikumwondolea dhamana.

Na kumbuka kisa alichokisimulia Jabir (r.a), kilichomo katika Abu Dawud. Mtu alipasuka kichwa safarini, kisha akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hapana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w) alikasirika mno, akawahesabu wale waliompa jibu kuwa ndio waliomuua, akafundisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale walikuwa maswahaba, wanaipenda dini, wala hawakumgusa kwa mkono. Walitoa jibu tu bila elimu. Basi vipi kuhusu mimi niliyetoa namba ya simu bila elimu? Astaghfirullah.

3. LESENI YA TABIBU HAIKULETWA NA WAZUNGU

Wengine husema vibali ni mambo ya wakoloni. Rudi kwenye historia yako, ndugu Mwislamu.

Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mjini Baghdad mtu alikufa kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir alipopata habari akatoa amri: asitibu mtu yeyote mpaka apimwe na Sinan bin Thabit, mganga mkuu wa zama hizo. Wanahistoria wanataja kwamba waliopimwa walizidi 860. Miaka zaidi ya elfu moja iliyopita!

Na kuna kisa kizuri ndani yake. Mzee mmoja alimjia Sinan, amevaa vizuri, ana haiba, akamwekea dinari mbele yake. Akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika sawasawa, ila familia yake inakula kwa kazi hii, akaomba asikatiwe riziki. Sinan akamruhusu KWA SHARTI: asimtibu mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asielekeze mtu kutolewa damu wala kupewa dawa kali ya kuharisha, isipokuwa kwa maradhi mepesi.

Unaiona hekima? Riziki yake haikuvunjwa, lakini aliwekewa mpaka. Na mpaka wenyewe ulikuwa hapo hapo kwenye kutoa damu, jambo ambalo leo linafanyika kwenye vyumba vya uani bila hata glovu.

4. SHERIA YA NCHI YETU INASEMAJE

Tanzania inayo sheria. Ni Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya Wizara ya Afya. Baraza linasajili waganga, linasajili vituo vyao, na linasajili dawa zao. Tiba ya sindano ya Kichina inaingia kwenye tiba mbadala. Kutibu watu bila kusajiliwa ni kosa. Na upande wa dawa za kulevya tunayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ambayo inahusika pia na nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba hausi.

Kwa hiyo hakuna anayekuzuia kufanya hijama. Unaambiwa ujiandikishe. Ndugu zangu wa Moshi, ninyi mnaelewa haraka kuliko watu wa miji mingine. Mgeni akija kupanda Mlima Kilimanjaro, anaruhusiwa kupanda peke yake? Haruhusiwi. Lazima awe na mwongozaji mwenye kibali. Hata kama kijana wa Marangu amezaliwa pale, anaijua njia kwa kufumba macho, bila kibali halali hapeleki mgeni kileleni. Kwa nini? Kwa sababu mlima unaua. Na uraibu nao ni mlima, na njiani tumezika watoto wengi.

Lakini nasema zaidi ya hapo: kusajiliwa kuwa mganga ni jambo moja, kujua uraibu ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa hodari wa kutoa hijama ya mgongo na kichwa, na asijue chochote kuhusu arosto.

5. KWA NINI URAIBU SI MCHEZO

Wapo wanaodai kwamba hijama "inatoa unga kwenye damu". Ndugu zangu, huo ni uongo. Heroini haikai kwenye damu miezi na miaka. Inatoka mwilini yenyewe ndani ya siku chache. Kinachobaki ni mabadiliko ndani ya ubongo, ni mazoea, ni marafiki wa kijiweni, ni majonzi ambayo kijana hajawahi kumwambia mtu. Hakuna kikombe kinachovuta hivyo.

Kiswahili chetu kina busara. Kupiga chuku ni kuumika, na kupiga chuku ni kutia chumvi maneno. Ukimsikia mtu anasema anaponya mateja kwa siku saba, kila mtu, bila kurudia, basi jua anapiga chuku za aina zote mbili.

Hatari zenyewe ni hizi, zihifadhi:

- Mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla bila uangalizi anaweza kupata degedege na kufa. Ndicho kilichotaka kumkuta yule kijana.

- Mtumiaji wa heroini akikaa wiki kadhaa bila kuigusa, mwili unasahau kile kipimo cha zamani. Akitoka na kurudia kipimo kile kile, anaweza kufa palepale. Kwa hiyo "kumsafisha" kisha kumwachia arudi mtaani bila mtu wa kumfuatilia ni kumwandalia jeneza.

- Wembe mmoja au sindano moja kwa watu wawili ni njia ya UKIMWI na homa ya ini. Na wanaojidunga ndio walio kwenye hatari kubwa ya maradhi hayo.

Hospitali zetu hazikukaa bure. Tangu Februari 2011, Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, kisha Mwananyamala na Temeke, baadaye Mbeya, Mwanza na Dodoma. Mgonjwa anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Kijana aliye kwenye dawa hii, halafu mganga anamwambia "acha hiyo, nayo ni kilevi", anasukumwa kurudi kwenye unga.

6. NA SINDANO ZA MASIKIO JE?

Nimeulizwa sana, nami nimejitahidi kusoma. Mwaka 1972 huko Hong Kong, daktari mpasuaji aitwaye H. L. Wen alikuwa akitumia sindano zenye umeme mdogo kupunguza maumivu ya wagonjwa. Akaona kwamba wale waliokuwa waraibu wa afyuni walipungukiwa na mateso ya arosto. Hospitali ya Lincoln, mtaa wa Bronx jijini New York, ikaichukua njia hiyo, na ikapatikana namna ya kuchoma sehemu tano tu za sikio. Mwaka 1985 ikaundwa jumuiya ya kuwafundisha watu njia hiyo, kwa mafunzo ya saa 70.

Sasa tazama walivyofanya. Majimbo kadhaa ya Marekani yanamruhusu mshauri nasaha au muuguzi achome sindano hizo hata kama si tabibu kamili wa Kichina, lakini kwa masharti: awe na mafunzo hayo, aishie kwenye sikio tu, na awe chini ya usimamizi. Ni lile lile sharti la Sinan bin Thabit kwa yule mzee wa Baghdad.

Na pamoja na hayo yote hawakusema sindano ndiyo tiba yenyewe. Waliiweka iwe msaidizi wa ushauri nasaha na vikao vya kundi. Mwaka 2006 watafiti walikusanya majaribio saba kuhusu sindano za masikio kwa waraibu wa kokeini, yenye watu zaidi ya 1,400, na hawakupata ushahidi kwamba zinashinda sindano za kuigiza. Wapo wanaosema zinamtuliza mtu akalala. Sipingi utulivu. Napinga mtu kuuza utulivu wa saa moja kwa bei ya uponyaji wa maisha.

7. MAJIBU KWA WANAOPINGA

"Shekhe, hospitali nazo huua watu." Ni kweli makosa hutokea. Lakini daktari akikosea yupo wa kumshtaki, kuna faili, kuna jina, kuna baraza. Yule wa chumba cha uani akikosea anabadilisha laini ya simu na kuhamia mji mwingine.

"Masikini hana uwezo." Masikini ndiye wa kulindwa zaidi! Tajiri akiharibikiwa atampeleka mwanawe kwingine. Masikini ameuza mbuzi wake mmoja, hana mwingine.

"Usajili una mlolongo." Hapa nakubaliana nanyi. Mtu anayejua kazi yake asizungushwe ofisi hii na ile mpaka akate tamaa. Naiomba serikali ilegeze njia, si ilegeze sharti. Wanaotibu waraibu wapewe mafunzo mafupi ya lazima: namna ya kutambua dalili za hatari, usafi wa vifaa, na wakati gani wa kumkimbiza mgonjwa hospitali. Cheti chao kieleze mpaka wao. Na majina ya waliosajiliwa yabandikwe mahali mwananchi anaweza kuyaona.

Tusisahau mwaka 2011, Watanzania kwa maelfu walivyopanga foleni kule Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wadogo kwa wakubwa, Waislamu kwa Wakristo. Kiu ya kupona inampofusha mtu yeyote, msomi na asiyesoma. Ndiyo maana mlinzi awekwe kabla ya kiu haijaja.

8. MASWALI YA KUULIZA KABLA HUJALIPA HATA SHILINGI

Kwanza: Cheti chako cha Baraza kiko wapi, na kituo hiki kimesajiliwa? Anayo haki ya kufanya kazi, nawe una haki ya kuona. Ukiwa na shaka, nenda ofisi ya mganga mkuu wa wilaya ukaulize.

Pili: Umejifunza wapi kutibu waraibu, na nani anakujua?

Tatu: Sindano na wembe ni vipya? Vifunguliwe mbele ya macho yako.

Nne: Hali ikibadilika usiku, utampeleka hospitali gani? Akikujibu "haitafika huko", ondoka.

Tano: Je, unamwachisha mtu methadoni, ARV au dawa ya sukari? Akisema ndiyo, mshike mwanao mkono mwondoke.

Sita: Unafunga minyororo au kupiga? Mraibu ni mgonjwa na ni mwanadamu aliyetukuzwa na Mola wake.

Na kabla ya yote hayo, mpeleke mgonjwa akapimwe hospitali. Hapa mjini tuna Mawenzi, tuna KCMC. Uliza huduma ya afya ya akili. Ukishajua hali yake, ruqya, Qur'ani, dua na hijama ya mtu anayejulikana vitakuja vikiwa nuru juu ya nuru.

9. NASAHA ZANGU

Kwa ndugu zangu mnaofanya hijama na sindano: kasajilini. Sunna mliyoibeba ni ya thamani, msiache matapeli waichafue.

Kwa kamati za misikiti: msimruhusu mtu kutangaza tiba baada ya swala mpaka mmeona karatasi zake. Kipaza sauti cha msikiti ni amana.

Kwa masheikh wenzangu: wapo wanaotutumia ujumbe tuwatangaze kwenye kurasa zetu, na wengine wanaahidi fungu. Tumuogope Allah. Wafuasi wetu wanatuamini katika dini yao, tusiuze imani hiyo.

Kwa wazazi: msimfiche mgonjwa kwa ajili ya aibu. Aibu ndiyo inayowapeleka kwenye vyumba vya uani.

Na yule kijana? Anaendelea na matibabu. Kuna wiki anasimama, kuna wiki anateleza. Mama yake bado ananisalimia kwa heshima, nami kila nikimwona namwomba Allah msamaha upya. Mwezi uliopita nilimfuata nyumbani kwake, nikamwomba radhi uso kwa uso. Alilia, akanisamehe, kisha akaniambia, "Shekhe, waambie na wengine." Ndiyo maana nimeandika.

Ewe Allah, waponye vijana wetu wa Moshi, Tanzania na popote walipo. Wape wazazi wao subira. Tuoneshe haki tuifuate, na utulinde tusiwe sababu ya madhara kwa waja wako. Aamiin.

Ukiona kheri ndani yake, mfikishie na mwenzako, hasa mwenye kijana nyumbani.

Wallaahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.